Mabeseni ya Maua Kwenye Chemba za Masista

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kumejaa viuno vya watu. Leo sikushona hata kifungo.

Habari yenyewe ni hii. Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha Kasulu kama imetumwa. Kule juu, kwenye sekondari ya wasichana ya masista, vyoo vya bweni vikaanza kurudisha. Badala ya kupeleka, vinarudisha! Wasichana mia mbili na zaidi wakakimbilia bwaloni na magodoro kichwani. Walilala juu ya meza za chakula. Wazazi tulipoambiwa tulishika vichwa, hata mimi nisiye na mtoto pale.

Leo Sista Providence, mkuu wa shule, kaita mafundi wawili. Wa kwanza ni Kipriani, mwashi, mtoto wa Rosa. Rosa ni jirani yangu, na cherehani yake iko baraza moja na yangu. Mashine mbili, kivuli kimoja, miaka tisa. Wa pili ni binti yangu Irakoze. Narudia: binti yangu Irakoze. Amemaliza chuo cha ufundi. Cheti kiko ukutani, nimekizungushia kitambaa cha kufuma.

Mimi nilikuwepo. Sikualikwa. Nilikuwa nampelekea mtoto ugali.

Kipriani kasema mifuniko yote ya chemba za maji taka izibwe kwa saruji, mvua isipate njia. Irakoze akamuuliza, kwa adabu kabisa, chemba ikiziba ataizibuaje, kaka, kwa sala ya novena? Sista akainamisha uso. Halafu Irakoze akachukua ndoo ya maji akaimwaga juu ya mfuniko. Maji yote yakapotea ndani, mengine kwenye matundu ya kushikia, mengine pembeni. Akasema bomba lile lilijengwa kwa maji ya watu, si kwa maji ya mbinguni. Yakiingia yote mawili bomba linajaa, na uchafu unarudi ulikotoka.

Dawa yake anaiita sahani ya chemba. Ni bakuli la plastiki ngumu linalokaa kwenye ukingo wa chemba, chini ya mfuniko, limezungushiwa mpira. Mvua inadondokea humo, haifiki bombani. Alieleza pia habari ya kitundu kidogo cha ubavuni, lakini hapo nilikuwa natazama anavyosimama. Anasimama kama mimi.

Chemba ziko kumi na moja na hakuna inayolingana na mwenzake. Zimejengwa na mafundi tofauti, miaka tofauti, mwingine nadhani alipima kwa jicho moja. Kwa hiyo kila sahani imepimwa na chemba yake na kuandikwa namba kwa rangi nyeupe. Nikasema kwa sauti, hii ni kazi ya cherehani, mtoto kaipata kwa mama. Kipriani akaitikia ndiyo, mama. Mtoto mpole yule. Sijui kaupata wapi, kwa Rosa hakuna upole.

Jumapili anakuja Mama Mkuu wa shirika. Vyoo vikitulia mpaka siku hiyo, Irakoze anapewa kazi ya kudumu pale shuleni. Vikirudisha tena, Kipriani anakoroga saruji, na mwanangu anarudi kubadilisha koki kwa watu wanaolipa maharage.

Jumanne, 11 Machi

Irakoze kaondoka asubuhi kwenda Kibondo. Masista wana zahanati kule, na mwaka jana alifunga sahani nne, mpaka leo hazijaleta aibu. Anafuata mipira ya kuzungushia. Kuna mzee kule anaikata kutoka tyubu za lori, vizuri kuliko wa hapa.

Sahani zote kumi na moja kaziacha sebuleni. Akanishika mabega akasema: mama, nakuomba, usiguse. Nikamuuliza nami ni mtu wa kugusa? Akanibusu akaenda.

Sikugusa. Nilitazama.

Nikashtuka. Jamani. Ni nyeusi! Kazikata kutoka tangi bovu la maji. Pembeni zina alama za msumeno. Na kila moja ina tundu. Nimehesabu, matundu kumi na moja. Mtoto niliyemlea kwa shida, mimi niliyejifunza cherehani kambi ya wakimbizi Mtabila kwa mashine isiyo na mguu, anampelekea Mama Mkuu vyombo vinavyovuja.

Mchana Rosa akaja kuazima uzi wa bluu. Uzi anao, nauona kwenye mkebe wake. Akatupia jicho sebuleni. Akauliza kwa upole ule wake, mwenzangu, masufuria yote haya yaliungua siku moja?

Sindano ilinidondoka. Sikupata jibu mpaka alipokwisha ondoka. Nilipolipata lilikuwa jibu zuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Nimelipata lingine, zuri zaidi, na si la mdomo.

Sokoni nimemkuta Basile, yule Mkongo wa Nyarugusu anayeuza plastiki. Alikuwa na mabeseni mapya. Mekundu, na ndani kuna mawaridi ya rangi mbili na majani yake. Nilisimama hapo mpaka muuza dagaa akaniomba nisogee. Basile akapiga moja ngumi, pa, akasema mama, hii ni solide, hii hata jiwe inachoka. Nikaliinua juani kuona kama lina tundu. Halina hata moja.

Basi akili ikafanya kazi. Beseni si bakuli? Bakuli si ndiyo sahani ya chemba? Na lisilo na tundu si linashika maji vizuri kuliko lenye tundu? Nilisoma darasa la sita tu lakini hesabu hiyo naiweza.

Hatukuvutana bei. Mke wake Immaculée alikuwa anataka magauni mawili ya kitenge ya Pasaka, nitayashona. Basile akasema mama, sisi na wewe ni moja.

Kuhusu vipimo, niliingia na futi yangu nikapima sahani za Irakoze moja moja. Halafu nikafanya kama fundi yeyote mwenye heshima anavyofanya. Sare ya mtoto wa kidato cha kwanza huikati sawa na mwili, unaachia, maana atakua. Nikachagua kila beseni liizidi sahani yake vidole viwili. Yule ambaye hajawahi kubanwa na sketi hawezi kunielewa.

Zikabaki zile nyeusi. Jioni Rosa kaja tena, uzi wa bluu umekwisha tena. Akasema kama masufuria yale sina kazi nayo, nguruwe wake hawana chombo cha kunywea. Nikampa yote. Niliyabeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake, huku naimba. Nguruwe wa Rosa wakanywe kwenye nilichotupa mimi! Sijapata kutoa zawadi kwa furaha hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefunga sahani zote mimi mwenyewe.

Sikumdanganya Sista Providence. Nilimwambia Irakoze yuko kazini Kibondo na mimi ni mama yake. Yote mawili ni kweli. Akasema haya. Alikuwa na simu sikioni, watu wa Mama Mkuu wanauliza habari za vitanda.

Mlinzi Mzee Havyarimana akanifungulia mifuniko kwa nondo iliyopinda. Chemba ya kwanza ilipofunguka nilirudi nyuma hatua sita. Harufu ile ina mikono. Mzee akasema mama Irakoze, vuta pumzi kwa mdomo. Nikasema basi itaingia mdomoni. Akafikiri, akasema kweli.

Chemba ya nne nilipata mshtuko wa aina nyingine. Kitu kimekwama kwenye mdomo wa bomba. Tukakivuta kwa nondo. Sketi ya shule! Msichana fulani kaitupa chooni, Mungu anajua kwa nini. Nikaigeuza kwa kijiti. Mishono yangu. Ule mshono wa mara mbili kwenye kiuno ni wangu, Rosa hashoni mara mbili. Imekaa kwenye maji taka sijui tangu lini, na uzi haujaachia hata mahali pamoja. Nilimwonyesha Mzee Havyarimana. Nilimwonyesha na mpishi. Niliwaonyesha na walimu wawili waliokuwa wanapita, mmoja akaondoka kwa haraka.

Tukaweka mabeseni. Kwa kuwa nimeyaachia vidole viwili, hayakuzama kwenye ukingo, yalipanda juu kidogo, na mifuniko ikakaa juu yake. Ukikanyaga inacheza, ko-ko. Mzee akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia ni nafasi ya kukua. Akauliza chemba inakua? Nikamwambia baba, wewe ni mlinzi.

Kabla ya kufunika ya mwisho nilimwita Sista aone. Akatazama lile waridi chini ya ardhi. Akasema inafanana na zawadi za harusi. Nikafurahi sana. Sasa hivi nikikumbuka uso wake sina uhakika alikuwa anasifu.

Ijumaa, 14 Machi

Irakoze kapiga simu. Barabara ya Kibondo ina tope, lori limelala katikati, atafika kesho. Akauliza sahani zikoje. Nikasema ziko vizuri kuliko ulivyoziacha. Akauliza, mama, maana yake nini? Nikasema mtandao unakatika. Nataka iwe mshangao.

Mawingu yamekaa upande wa Nyakitonto, meusi, hayaondoki. Yaje tu. Nimejiandaa.

Alasiri nilipanda shuleni kupeleka sare tatu. Wasichana wanafua, maana Jumapili kila mtu aonekane kwa Mama Mkuu. Nikaona msichana ana beseni jekundu lenye mawaridi. Sawa na yangu! Nikamwambia binti, una jicho zuri. Akasema asante, shikamoo, akalikumbatia akaondoka karibu anakimbia. Nyuma ya bweni nikaona wengine wawili nao wanayo. Halafu wanne kwenye kamba za nguo.

Basile anafanya biashara, nimefurahi kwa ajili yake. Na imenipa moyo. Kama kitu kinapendwa na wasichana wa sekondari, kitapendwa na Mama Mkuu.

Rosa leo hakuazima chochote. Kutwa nzima alishona akitabasamu. Sipendi Rosa anapotabasamu.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa mpangilio, nisije nikaanza na nguruwe.

Irakoze kafika saa sita, ana mipira kumi na moja shingoni kama mashada ya maua. Kaingia sebuleni. Katazama pale alipoziacha. Akauliza, mama, sahani ziko wapi?

Nikamwambia akae kwanza. Hakukaa. Nikaeleza yote, mawaridi, vidole viwili, matundu. Nilieleza vizuri. Nilingoja aniangukie kifuani.

Akasema pole pole, kama anavyoongea na mtu aliyelazwa, kwamba sahani ikijaa maji lazima yatoke kidogo kidogo, bomba linaweza kumeza tone, haliwezi kumeza mto. Na kwamba chemba inapumua. Hewa ya mle isipopata pa kutokea inarudi kwenye vyoo vya bweni. Kitundu ndiyo kazi yenyewe, mama. Bila kitundu ni beseni.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni beseni.

Tukapanda shuleni mbio. Njiani tone la kwanza likanipiga puani. Mzee Havyarimana akaja na nondo. Chemba ya kwanza ikafunguliwa. Hakuna kitu! Chemba ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne. Mpaka ya kumi na moja, tupu, na mifuniko mingine imerudishwa upande, mwanya unaingia mkono. Nilidhani ni wezi. Nilitaka kupiga yowe watu watoke.

Irakoze alinyoosha kidole tu. Pale kwenye nyasi, mbele ya bweni, wasichana wamechuchumaa mstari mmoja wanafua. Beseni, beseni, beseni. Mekundu. Mawaridi yanaogelea kwenye povu.

Yoo, mama wee. Nilishindwa hata kukaa chini.

Mzee Havyarimana akasema yeye aliona mifuniko inafunguliwa tangu Alhamisi jioni. Alijua ni sehemu ya ufundi. Si mama Irakoze mwenyewe alisema yeye ni mlinzi?

Unaweza kulaumu mtoto wa bweni? Msichana wa bweni na beseni ni kama kuku na mtama. La kwake limepasuka, la mwenzake limeibwa, halafu anasikia kuna mabeseni mapya kumi na moja yamefunikwa chini, hayana mwenyewe. Mimi mwenyewe ningebeba mawili. Waliyasugua kwa majivu na maji moto kabla ya kuyatumia, hilo walilisema wenyewe kwa fahari.

Mvua ikashuka. Siyo kunyesha, kushuka. Maji ya uwanjani yakapata mwanya wa mifuniko yakaingia yanaimba. Ndani ya bweni msichana akapiga kelele kwamba choo cha mwisho kinakoroma.

Irakoze akanigeukia, maji yanamtiririka usoni. Akauliza zile nyeusi ziko wapi. Nilitamani mtandao ukatike. Nikasema, kwa Rosa. Akauliza kwa Rosa zinafanya nini. Nikasema nguruwe.

Nimemzaa mtoto huyu, nimemwona akiugua, nimemwona akifaulu. Uso ule sijauona. Akasema, mama, nenda. Mimi naanza kusafisha kingo.

Nikashuka mlima viatu mkononi. Nikafika kwa Rosa nimelowa mpaka kwenye mfupa. Alikuwa amekaa mlangoni, kavu, anachambua maharage. Nikafungua mdomo niombe, akaanza kupiga makofi ya salamu. Mwakeye! Nikapiga makofi. Ego, mwakeye. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Watoto? Mtoto ninaye mmoja na Rosa anamjua. Mbuzi? Sina mbuzi. Akauliza mpaka habari za dada yangu wa Kagerankanda, ambaye ana ugomvi naye. Huwezi kukatisha salamu za mtu mlangoni kwake, hata nyumba ikiungua, na yeye anajua siwezi.

Tukamaliza. Nikafungua mdomo tena. Akasema huwezi kusema jambo tumbo tupu, akaingia ndani akatoka na kikombe cha togwa. Kikombe kikubwa. Nikanywa huku nasikia mvua juu ya bati na kila tone linapita kifuani mwangu kwenda chooni kwa masista. Nikamaliza. Akaniongeza.

Ndipo nikaomba. Nikasema mwenzangu, nilikosea. Kwa Kiha, ili liume vizuri. Nikasema zile sahani si masufuria, ni kazi ya mwanangu, na bila hizo kesho hana kazi. Nikasema naomba unirudishie, hata kama zina mate ya nguruwe. Miaka tisa ya baraza moja, sijawahi kumwomba Rosa hata pini.

Rosa akachambua harage moja. Akasema nguruwe walizikataa siku ileile, zinavuja. Kipriani aliporudi kazini akazikuta zizini, akazitambua kwa zile namba nyeupe, akakasirika mpaka hakula. Akaziosha zote. Alitaka kuniletea. Rosa akamkataza, akamwambia mngoje Irakoze mwenyewe, huyu mama yake atazipa kuku.

Nikauliza kwa hiyo ziko wapi?

Akasema mvua iliposhuka, Kipriani alizipakia kwenye pikipiki akapanda shuleni. Muda mrefu tu. Akasema, labda mlipishana, wewe umepita njia ya mkato.

Nilishtuka mpaka togwa likapanda puani. Salamu zote zile! Mbuzi! Vikombe viwili! Alijua tangu kofi la kwanza.

Nikamwambia Mama Kipriani, kwa nini hukusema? Akasema hukuuliza, mwenzangu, ulikuwa unasalimia.

Niliporudi juu nilikuta wawili wamepiga magoti kwenye tope, Irakoze anavisha mpira, Kipriani anateremsha sahani na kukandamiza mfuniko. Kipriani anataja namba tu, Irakoze anampa. Tisa. Kumi. Kila sahani ikaingia kwenye chemba yake, tak, kama mkono kwenye mkono wa shati. Sikuwahi kushona kitu kikakaa hivyo. Simwambii mtu.

Moja ilikosekana. Namba saba ilitafunwa na nguruwe, hilo Rosa hakulitaja, nusu tu imebaki. Irakoze akasimama, akaenda kwa wasichana, akarudi na beseni langu la waridi. Kipriani akalipunguza ukingo kwa msumeno, vidole viwili kamili. Irakoze akatoboa tundu ubavuni kwa msumari wa moto wa jikoni. Nilifumba macho. Wakalivisha mpira wakaliteremsha.

Ndani ya bweni maji yalikuwa yamefika kizingitini mwa bafu. Tulisimama pale sote, Sista Providence na rozari, Mzee na nondo, wasichana na mabeseni yao kumi. Maji yakasimama. Yakafikiri. Halafu yakaanza kurudi chini taratibu, choo cha mwisho kikapiga mbweu moja ndefu kikanyamaza.

Nikasema mimi: vipimo vilikuwa vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Mama Mkuu kaja. Mvua nayo ikaja, wakati wa mahubiri, kubwa kuliko ya jana. Sikusikia neno la padri. Nilikuwa nasikiliza bweni. Kimya.

Baada ya misa Mama Mkuu akaomba aonyeshwe. Irakoze akafungua namba moja, akaeleza tundu, hewa, mpira. Safari hii nilisikiliza karibu yote. Mama Mkuu akauliza kazi hii ameifanya nani. Hapo nikarekebisha kitambaa cha kichwa. Irakoze akasema ameifanya yeye, na jana fundi Kipriani kamsaidia kwenye mvua, na kingo za chemba sita zimelika zinataka mwashi mzuri, anampendekeza yeye.

Nilishtuka. Umeshinda, mtoto, unagawa ushindi wa nini? Lakini nikamtazama anavyosimama nikanyamaza.

Amepata. Kazi ya kudumu, barua ataichukua Jumatano. Kipriani kapata kingo. Rosa alikuwa nyuma yangu, akapiga kigelegele, nikapiga changu, chake kikawa kirefu, nikaongeza. Sista Providence akatuomba tukumbuke tuko karibu na kanisa.

Halafu Mama Mkuu akataka kuona nyingine, na kati ya zote, akachagua namba saba. Mfuniko ukafunguka, na pale chini, waridi, limelowa, limenawiri. Akalitazama muda mrefu. Akasema, nanukuu kama nilivyosikia, hili nalo linafanya kazi?

Irakoze akasema ndiyo, Mama.

Nimeandika maneno hayo mara mbili kwenye ukurasa wa mbele, juu ya viuno.

Yale mabeseni kumi Sista alitaka kuyanyang'anya wasichana. Nikamwomba awaachie. Watoto wamekwisha yapenda, na anayependa waridi hana dhambi kubwa. Akakubali. Nilirudi nyumbani na ile futi yangu tu.

Usiku tulipokula Irakoze akaniapisha. Mkono juu ya daftari la vipimo, maana anajua hilo ndilo naliogopa. Sitagusa kazi yake tena. Nimeapa. Na nilimaanisha. Alilia kidogo, nami nikalia, akasema mama, ungepoteza kazi yangu. Nikasema najua. Tukamaliza maharage.

Jumatano, 19 Machi

Barua imekuja. Nimeitia ukutani chini ya cheti, kitambaa cha kufuma kimetosha zote mbili.

Masista wamemtuma Irakoze Kibondo tena, wiki nzima, kupima chemba nyingine kumi na sita za huko. Jana na juzi alikata sahani za akiba kwa ajili ya hapa shuleni, tano, nyeusi, ziko sebuleni pale pale. Kabla ya kupanda basi alinitazama tu. Nikamwambia nimeapa.

Sijagusa. Natazama.

Jambo hili nimelifikiria kwa utulivu, bila hasira, kama mtu aliyejifunza. Kosa langu nimeliona wazi. Kosa lilikuwa maua. Maua ndiyo yaliwavuta wasichana. Kama mabeseni yale yangekuwa ya rangi moja, nani angeyabeba? Namba saba yuko kazini mpaka sasa, Mama Mkuu kamwona kwa macho yake. Na nimeapa sitagusa kazi ya Irakoze. Beseni si kazi ya Irakoze. Beseni ni la Basile.

Rosa kapita asubuhi. Ana nguruwe wadogo wanne wapya, anasema wanahitaji chombo. Nikamwambia arudi jioni.

Basile nimempigia. Anakuja na ya bluu, matano, wazi kabisa, hayana ua hata moja. Akauliza mama, vidole viwili kama siku ile? Nikamwambia hapana, nimejifunza. Kidole kimoja na nusu. Na tundu nisilione.